Bidon Saba ya Mazout, Bidon Tano ya Jatrofa

Shemeki yangu Philémon anajuaka groupe ya courant inakunywa mazout, ile dizeli, kiasi gani kwa kuisikiliza tu. Unamuita, anafika na kisanduku yake ya clés, zile spana, hafungue kitu. Anaikala kwanza juu ya bidon, ile dumu ya mafuta, anainamisha kichwa, anasikiliza. Halafu anasema: "Maman, hii yako inakunywa lita mbili kwa saa, na ilipaswa kunywa moja na nusu. Injecteur imechoka." Panzi yote, mutaa yetu hapa Bukavu, inamujua, juu kwetu courant inaendaka na kurudia vile inapenda, na kila duka, kila kanisa iko na groupe yake nyuma ya nyumba inapiga kelele. Ye ni bwana ya yaya yangu Martine, dada yangu mukubwa. Mi niko Noëlla, nauzishaka sombe, majani ya muhogo, ku soko, na benye bananijua banajua kama sikosake neno. Ni mi njo nitawaelezea, juu ye mwenyewe hawezi. Ukimuuliza habari ya shamba ya Nyangezi, anakamata clé na kuanza kupanguza kitu yenye iko tayari safi.

Kwanza mujue ile shamba. Haikukuwa yetu. Iko ku mulima ya Nyangezi, fasi unasimama na kuona barabara ya Kamanyola inapita kule chini, na mwenyewe ni Papa Barthélemy, muzee ya kule kule, mwenye alikuja kuikala hapa Bukavu kwa binti yake Chancelle, ku Muhungu, juu magulu ilikuwa inamuuma. Zamani alipatia mama yetu ile shamba kwa bwasa, na wakati mama alikufa, Martine akaendelea. Bwasa, kwa siye Bashi, hata mutoto anaijua: shamba ya mwengine, unalima, unavuna, na kila mavuno unapelekea mwenye shamba kitunga ya maharagi na kasiksi kidogo, ile pombe ya ndizi. Na unapanda tu bintu ya musimu. Maharagi, mahindi, muhogo, kitu yenye inavunwa na inaisha. Muti, hapana. Ndizi, hapana. Kahawa, usijaribu. Juu mutu mwenye anapanda muti anasema, bila kufungua kinywa, kama ile fasi ni yake. Myaka makumi mbili na mbili ile shamba ililisha nyumba ya Martine: batoto bane, Philémon, na mimi pia wakati soko ilikuwa mubaya. Hakukuwa fasi ingine ya kupata chakula.

Sasa projet ikafika. Balikodisha hangar hapa Panzi, bakaweka mashine ya kukamua mafuta, na bakatafuta mutu ya kuichunga. Nani mwengine kama si Philémon? Miaka yote alikuwa anatengeneza groupe za bantu benye banamulipa leo na kumukimbia kesho, na sasa anapata kazi ya mwezi kwa mwezi, na gilet ya rangi ya machungwa. Siku ya kwanza alivaa ile gilet mupaka ku misa. Nilicheka mupaka machozi.

Kazi yabo ilikuwa ya jatrofa. Munaijua, ile muti bantu banazungusha ku lupango, sawa ukuta, juu mbuzi haikule. Kumbe mbegu yake iko na mafuta, na ile mafuta inaweza kuingia mu moteur fasi ya mazout. Ingénieur yabo, Destin, kijana ya adabu sana, alikuja kutuelezea mu salle ya paroisse. Alisema camions zitakunywa mafuta ya mulima yetu, mazout ya mbali tutaisahau. Bantu bakapiga makofi. Philémon njo alipiga kushinda bote. Alinigeukia na kusema: "Noëlla, unaelewa? Mazout inaota mu udongo!" Sikumuona vile tangu siku ya ndoa.

Halafu Ingénieur Destin akasema, mufanyakazi ya projet anapaswa kukuwa mufano. Nani kati yabo iko na shamba? Philémon akainua mukono.

Ile mangaribi niliwakuta banabishana mu cuisine. Martine alikuwa anasonga bugali na hasira, mwiko inagonga ku sufuria.

"Muti? Ku bwasa? Philémon, uko na akili?"

"Si muti. Ingénieur amesema ni culture, mumea ya kulima, sawa maharagi."

"Maharagi inaikalaka myaka makumi tatu ku udongo?"

"Martine, kwetu Mwenga babu yangu alipanda miti ya mawese fasi alifyeka, hakuna mutu alimuuliza kitu."

"Hapa si Mwenga! Wewe na Balega benzako muko na pori kubwa sawa mbingu. Hapa kila mukono ya udongo iko na mwenyewe, na mwenyewe iko na macho."

Ye akaniangalia, sawa mutu mwenye anaomba musaada. Na mimi, muniache niseme hii, juu inaniuma mupaka leo. Mi njo nilisema: "Aah, yaya, muache. Kwa mara ya kwanza bwana yako iko na kazi ya maana. Papa Barthélemy magulu haimubebe tena, atapanda mulima kufanya nini?" Mulomo yangu hii. Martine alitosha sufuria ku moto. Kesho yake akaenda Nyangezi kuonyesha bantu ba projet fasi ya kuchimba mashimo.

Balitia sahihi, ye na bwana yake: jatrofa itaikala myaka tano, hakuna kung'oa. Bakapanda ku shamba yote, mistari mistari. Ingénieur alisema kati ya mistari maharagi itaendelea kuota, na kusema kweli, mwaka ya kwanza iliota. Mwaka ya pili ilipunguka. Mwaka ya tatu miti ilikuwa imefika ku mabega ya mutu, majani inafunika jua, na maharagi kule chini ikatoka kidogo, ya manjano, yenye huzuni. Martine alianza kununua chakula ku soko. Mutu mwenye alilima maisha yake yote, unamuona mu mustari ya benye banauliza bei ya kilo. Nilikuwa nauzisha sombe palepale, na siku zingine nilijifanya simuoni, juu aliona haya.

Sasa musikilize habari ya mafuta, juu hapa njo Philémon alivunjika.

Mu ule mwaka ya tatu, jatrofa ilizaa. Camion ya projet ilishuka Luvungi, kule mu plaine, fasi projet ilikuwa na shamba yake kubwa, ikarudia na mifuko ya mbegu. Safari ya pili ikapita pia Nyangezi, ikabeba yetu, mifuko mbili. Martine na batoto balizichuna na vidole, siku ine, kucha ikakuwa nyeusi. Zote pamoja zilijaza mifuko kumi na mbili tu. Philémon akawasha mashine, na nilienda kuangalia, juu nilikuwa na hamu ya kuona mazout yenye inaota. Mafuta ikatoka, ya rangi ya dhahabu, polepole. Bantu ya hangar bakaimba. Philémon alitia kidogo mu groupe ndogo, akaivuta, ikawaka! Akasikiliza, kichwa chini, na akasema: "Inakunywa vizuri." Machozi ilikuwa inatoka, kweli machozi. Bidon tano za manjano zikajaa, za lita makumi mbili.

Lakini Philémon iko na tabia moja: hatupake bidon. Bidon yenye imeisha anaiosha na kuiweka, juu atapata siku ya kuitumikisha. Na mazout yote ya ile mavuno, ye njo alikuwa anaigawa. Siku mbili kisha mafuta kutoka, akakamata bidon tupu zake, akaanza kuzipanga ku ukuta ya hangar, ku mukono ya kushoto. Bidon tatu, camion ilikunywa, kushuka plaine mara mbili na kupanda tena mulima ya Ngomo na mikunjo yake. Mbili, motopompe ya Luvungi, yenye ilikuwa inanyweshea miti wakati ya jua. Moja, groupe ya mashine yenyewe, juu mashine haikamue kwa maombi. Moja, jeep ya baagronome yenye ilikuwa inakuja kuangalia kama miti iko muzima. Saba. Ku mukono ya kuume, bidon tano za mafuta.

Alituma mutoto aniite. Nilimukuta ameikala chini mbele ya zile bidon, saba tupu na tano zenye kujaa, sawa mutu mwenye iko ku matanga.

"Noëlla, hesabu."

"Saba na tano. Halafu?"

"Tulichoma saba juu ya kupata tano."

"Labda ulikosea."

"Mi? Ku mazout?" Alinitupia jicho yenye sijawahi kuona kwake. "Tungebakisha zile saba mu stock, camion ingesimama fasi yake, maharagi ingeota, na tungekuwa na bidon mbili zaidi. Mbili zaidi, na hakuna mutu angefanya kitu!"

Martine alikuwa amefika nyuma yangu, na kitambaa ku kichwa, vidole bado nyeusi. Aliangalia zile bidon muda murefu. Akauliza, bila hasira, na ile njo ilikuwa mubaya zaidi: "Na mugongo yangu uliiweka mu bidon gani? Na bugali yenye nilikula juu ya kupata nguvu ya kuchuna?" Philémon akaangalia tena zile saba. Hakukuwa bidon ya ile.

Asubui akaita Ingénieur Destin. Kijana alikuja, akasalimia bote vizuri, akaangalia, akahesabu na kidole. Sikumuona akishangaa. Akasema: "Papa Philémon, hii ni phase pilote, ni ya kujaribu. Mwaka ya kwanza ya mavuno iko vile. Miti ikikomaa, itazaa zaidi."

"Ikizaa zaidi, camion itapanda zaidi. Motopompe itapiga zaidi."

"Bilan, hesabu ya yote, itafanyika ku mwisho, na benye kazi yabo."

"Ingénieur, bilan ni hii, umesimama mbele yake."

Destin akacheka kidogo, na heshima, vile mutu anachekaka na muzee. Akatosha téléphone, akapiga picha ya bidon tano. Lakini mbele ya kupiga, akaomba musentinele, mulinzi ya hangar, atoshe zile saba ku ukuta, juu zilikuwa zinaharibu picha. Philémon njo alimusaidia kuzibeba. Unaweza kufanya nini? Ni benye banakulipa.

Tangu ile siku hakutaka kitu ingine isipokuwa kung'oa. Bamoja bangesema tung'oe tu, tuone. Lakini sahihi yabo ilikuwa ku karatasi, myaka tano, na kazi yake ilikuwa mu ile karatasi pia. Akaomba ruhusa. Destin akasema atatuma lettre, barua kwa bakubwa. Wiki ikapita, mwezi ikapita. Kila mara Philémon anauliza, kila mara lettre iko njiani, iko Kinshasa, iko ku meza ya mukubwa fulani mwenye iko mission, ku safari ya kazi. Yesu! Mupaka nilianza kufikiri ile lettre iko na magulu ya Papa Barthélemy.

Na kitunga ilikuwa inangojewa. Ile mavuno, maharagi ya shamba haikujaza hata sahani mbili. Martine akaenda ku soko, akanunua, akajaza kitunga mupaka juu, akaipeleka Muhungu na kasiksi, akapiga magoti, akasalimia. Aliporudi alisema yote ilienda muzuri. Lakini hakujua kama Chancelle, akiosha ile maharagi, aliona nyekundu, na nyeupe, na ya madoadoa, na ya manjano, zote zimechanganyika, vile bachuuzi ba soko banachanganyaka. Martine, myaka yote, alipandaka moja tu, ile nyekundu ndefu ya mama yetu. Chancelle akaita baba yake, akamuonyesha mu mukono. Muzee akaomba bamutafutie moto, ile pikipiki ya kubeba bantu.

Ile magulu yenye mi nilisema haitapanda mulima, ilipanda. Jirani yetu ya kule alituambia: moto ilimushusha chini ya mulima, na alipanda yenye kubakia na fimbo, akipumzika kila hatua kumi. Akasimama mbele ya jatrofa saa nzima. Halafu akashuka.

Batatu tuliitwa Muhungu siku ya mungu, kisha misa. Philémon alivaa shati nyeupe, si gilet. Papa Barthélemy alikuwa ameikala mu salon, Chancelle ku upande yake. Alitupatia biti, akatungojea tuikale. Akauliza Martine, kwa Mashi kwanza, halafu kwa Kiswahili juu Philémon asikie:

"Mwana wangu, mama yako aliwahi kupanda muti kwangu?"

"Hapana, papa."

"Alinipenda kukupita?"

Martine akaanza kulia. Philémon akapiga magoti, mutu muzima, akasema: "Papa, ni kosa yangu, si yake. Ye alikataa. Mi ni mugeni, sikujua uzito ya kitu. Sikutaka shamba yako. Ile miti haina faida, papa, nakuapia. Nilihesabu mimi mwenyewe: tunachoma bidon saba ya mazout juu ya kupata tano. Mutu anaweza kuiba shamba na kitu yenye haileti kitu?"

Nilifikiri amesema vizuri. Hata Chancelle aliitika kwa kichwa. Muzee akafikiri, kweli alifikiri, niliona. Kisha akauliza polepole:

"Kwa hiyo ulijua kama haileti kitu."

"Ndiyo, papa. Tangu mavuno."

"Na ukaiacha ku udongo yangu."

"Nilikuwa nangojea lettre, papa."

"Lettre ya nani?"

Ungejibu nini? Ya mukubwa fulani ya Kinshasa, mwenye hajawahi kuona Nyangezi hata mu ndoto? Muzee alingojea jibu na uvumilivu yote. Akasema: "Maharagi ilinilisha, na ilikulisha. Ulikamata kitu yenye inalisha, ukaweka kitu yenye inakula. Mimi sikufukuze na hasira. Ng'oeni hiyo miti, mubebe bintu yenu, shamba itarudia kwangu." Mi nilianza kupiga kelele, nikasema yote, nikataja mama yetu, myaka makumi mbili na mbili, batoto, nikasema mi njo nilimushauri vibaya, anipige mimi. Muzee akaniangalia na huruma. Akasema: "Noëlla, nakuamini." Na hakubadilisha kitu.

Tuling'oa siku tano, bote, na batoto. Jatrofa ni laini, inakatika mbio, lakini mizizi inabakia na unairudilia na jembe. Maziwa yake ilitupaka mikono na nguo, haikutoka. Tuliijaribu ku moto juu ya kupika chai, ikatoa moshi tu mupaka tukakohoa. Siku ya tano, jioni, Destin alipiga téléphone. Lettre imefika: ruhusa ya kung'oa imekubaliwa. Philémon alisema "Merci, Ingénieur", na akarudilia jembe.

Projet yenyewe ilifunga hangar mbele ya mwaka kuisha. Banasema picha ya zile bidon tano ilizunguka mbali. Philémon alirudia ku groupe zake.

Papa Barthélemy alipatia shamba mwanamuke mwengine ya Nyangezi, Fanny, mujane, mwenye batoto batatu, mutu muzuri, siwezi kumusema. Fanny hakuijua ile udongo. Akatuma neno kwa Martine: kama hatachukia, aje kumulimia ku musimu, kwa kipimo ya maharagi kwa siku, juu hakuna mwengine mwenye anajua fasi gani maji inasimama na fasi gani mawe iko. Nilimwambia yaya akatae. Nilimwambia ni haya. Akaniuliza: "Haya inapikwa na nini?" Akafunga jembe yake na kamba, akaenda.

Wiki ya tatu alirudia, nilikuwa kwake, tunakula. Philémon alikuwa upande ya mulango, hakuvua viatu. Tangu aanze kwenda kule, hakumuuliza kitu hata mara moja. Ile siku akauliza, macho chini:

"Maharagi ya Fanny imeota?"

Martine alimega bugali, akachovya, akakula. Akasema: "Imeota vizuri sana. Kushinda yetu."

Philémon aliitika kwa kichwa, akasema ni vizuri. Akatoka inje, akaikala juu ya bidon. Groupe ya jirani ilikuwa inawaka, na nilimuona kupitia mulango: hakuinamisha kichwa kuisikiliza. Mi nilitafuta neno ya kumupelekea, nikatafuta, na hakukuwa. Nikaosha sahani.